Maua ya Karatasi Chini ya Plastiki

Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anatafuna njugu kwenye chumba cha pili. Kruu, kruu, kruu, halafu kimya. Nilikuwa nimeshika ukingo wa plastiki kwa vidole viwili lakini macho yalikuwa mlangoni, kwa sababu nje kulikuwa na mtu anapita na kochi zima juu ya pikipiki, kochi la maua mekundu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria nyumba linapokwenda, pazia za huko, na nani atalikalia kwanza. Niliporudisha macho, mashine ya laminesheni ilikuwa imemaliza kutafuna.

Nilikuwa na miezi minne kwenye lile duka la kuchapisha karibu na Bondeni, hapa Nakuru. Nilimaliza kidato cha nne na alama za kunitosha kusema nimemaliza, basi, na bosi akanichukua kwa sababu nilikuja siku ambayo alikuwa na kazi nyingi. Nilipiga fotokopi, nikapanga kurasa za vitabu vya risiti, nikapiga stepla. Lakini sana sana nilipiga laminesheni. Huku kwetu watu wanapiga laminesheni kila kitu. Cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, barua ya chifu, picha ya marehemu, bei za kibanda cha chai. Mtu akiwa na karatasi anayoipenda, anataka ichomewe ndani ya plastiki ndipo roho yake itulie. Kwa hivyo shosho mmoja, bibi kizee mwembamba, aliponifungulia kitambaa chake cha mkononi, akatoa kadi ya rangi ya chai na kusema, "Nipigie hii laminesheni, mami, isiharibike," sikuuliza kitu.

Nilihisi matuta chini ya kidole. Wacha niseme ukweli huo. Nilihisi, nikadhani ni gundi ya zamani imekauka, nikaisukuma.

Ilipotoka upande wa pili, shosho aliichukua ikiwa bado moto. Akapitisha kidole juu yake polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Sasa yamelala," akasema.

"Nini, shosho?"

"Maua. Yalikuwa yamesimama."

Nikaangalia. Katikati kulikuwa na picha ndogo ya mwanakondoo, na kumzunguka palikuwa na vitu vidogo vya mviringo, vingi, kama konokono waliokanyagwa. Kila mmoja alikuwa utepe mwembamba wa karatasi uliokuwa umeviringwa na kusimamishwa kwa ubavu wake, na mimi nilikuwa nimewalaza wote kwa sekunde tano.

"Umeifanya chapati, siz," mwanamume mmoja kwenye foleni akasema. Wawili wakacheka.

Bosi akatoka nyuma, miwani ikiwa kwenye paji la uso kama kawaida yake. Ni mzee wa hii kazi, aliyeanza wakati herufi zilikuwa vipande vya risasi vya kupangwa kwa mkono. Aliangalia kadi, akaniangalia.

"Wewe msichana, kichwa chako kilikuwa wapi?"

"Kwa kochi," nikajibu kabla sijajizuia.

Shosho hakupiga kelele. Angepiga ningepata nafuu. Alikaa kwenye benchi letu la wateja, kadi mapajani, na foleni ilipoisha nilienda nikachuchumaa mbele yake, kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya.

Akaniambia kadi ilikuwa ya komunyo yake ya kwanza. Aliyeitengeneza ni dadake mkubwa, wakiwa wasichana wadogo kwenye shule ya masista wa misheni. Mama yao alikuwa amekufa, na huyo dada ndiye aliyemfulia, aliyemsuka, aliyemtetea. Sasa dada anaishi Longonot kwa mwanawe, na ana ule ugonjwa wa kusahau. Mara mbili zilizopita shosho alipomtembelea, dada alimwita mama wa kuleta maziwa.

"Nilitaka aione hii," akasema. "Mimi anaweza kunisahau, ni sawa, nimezeeka, nimebadilika sura. Lakini hii ni kazi ya mikono yake."

"Na laminesheni?"

"Siku hizi anararua kila karatasi akipewa. Picha zetu zote amezirarua. Nikasema hii nitaifunga ndani ya plastiki, asiweze."

Nilijisikia vibaya hadi masikio yakawa moto. Nikasema, bila kufikiri, na kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, "Nitakutengenezea nyingine, shosho. Kama hiyo hiyo."

Bosi akakohoa huko nyuma. "Wewe? Hata stepla zako huwa zimepinda."

"Nitajifunza."

Shosho akakunja kitambaa chake. "Naenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi," akasema. Kisha akaniachia kadi.

Zilikuwa zimebaki karibu wiki tatu.

Jioni hiyo, nyumbani kwetu Free Area, nilitafuta kwenye simu ya mama. Sikujua hata hiyo kazi inaitwaje, nikaandika tu maua ya karatasi ya kuviringa, na mlango wa dunia nyingine ukafunguka. Kumbe ni sanaa ya zamani mno. Nilisoma kwamba masista wa Ulaya, mamia ya miaka iliyopita, walikata kingo za dhahabu za vitabu vya sala vilivyochakaa, wakaziviringa kwenye shina la unyoya wa ndege, wakazipanga kuzunguka picha za watakatifu. Hawakuwa na dhahabu. Walikuwa na karatasi iliyopakwa dhahabu ukingoni, na subira, na kwa mbali ungedhani ni kazi ya sonara. Baadaye mabibi wa nyumba kubwa wakaichukua, wakawa wanapamba nayo visanduku vya chai ili mchana upite. Niliwaza hao masista wameinamisha vichwa, chumba kimenyamaza, vidole vinazunguka. Nilizama huko hadi mama akaja kutaka simu yake.

Kutamani ni rahisi. Nilichukua kijiti cha mshikaki, nikapasua ncha yake kwa wembe, nikaingiza utepe wa karatasi ya fotokopi, nikazungusha. Karatasi yetu ni nene, ilikataa kukaa, ikafunguka kama spring ya godoro. Nikajaribu gazeti, likachanika. Nikaweka gundi nyeupe ya vitabu, konokono wangu wa kwanza akagandana na kijiti, na wa pili akagandana na kidole changu.

Siku ya tatu mama aliingia akanikuta mezani, vipande vya karatasi nyembamba kila mahali, ninaviringa ulimi ukiwa nje.

"Unaviringa nini hapo?"

"Maua, mama."

"Maua!" Akaweka mfuko wa mboga chini. "Leta mkono."

Akanusa vidole vyangu, mmoja mmoja, vyote kumi. Kisha akanusa karatasi. Aliposikia gundi peke yake, hakuna bangi, alikaa chini akacheka hadi akatoa machozi, na jirani akauliza kupitia ukutani kama kuna harusi.

Kuna jambo moja lililonisaidia, na sikulitegemea. Plastiki ile niliyoilaani ilikuwa imemshika kila konokono mahali pake. Hakuna hata mmoja aliyepotea au kusogea. Niliweka karatasi nyepesi juu yake, nikafuata kila alama kwa penseli: wa duara, waliobanwa upande mmoja wakawa kama tone la maji, waliobanwa pande mbili wakawa jani. Nikawahesabu, sitini na wanne. Ningejaribu kukumbuka kadi nzima jinsi ilivyokuwa, nisingeweza, kwa maana sikuwahi kuiangalia.

Shosho alikuwa akipitia dukani akitoka sokoni. Alikaa kwenye benchi na kikapu chake, akaniambia kitu kimoja au viwili, hakuwa mtu wa kumwaga maneno. Ndiye aliyeniambia sista aliyewafundisha alikuwa mzee anayetetemeka mikono, kwa hivyo dadake ndiye aliyekuwa mikono ya sista. Tena akaniambia hawakutumia kijiti, walitumia unyoya wa bata bukini.

Mimi ni mtu wa kushika kitu kikinishika. Kama masista walitumia unyoya, nitatumia unyoya. Kuna mama nyuma ya kanisa letu anafuga bata bukini watatu, na kila mtu wa Free Area anawajua kwa sababu wanafukuza watu kuliko mbwa. Nilikimbizwa hadi barabarani, sandali moja ikabaki. Mama mwenye bata alinitolea sandali na unyoya pamoja, akiniuliza kama ninaumwa.

Shina la unyoya ni laini kuliko kijiti. Karatasi inateleza juu yake bila kukwaruzwa, na konokono anatoka akiwa na tundu dogo safi katikati. Nilimwonyesha kila mtu dukani, hata waliokuja kwa fotokopi ya kitambulisho.

Kwa dhahabu ilikuwa shida nyingine. Kukata kitabu cha sala sikuweza, hata kama kimechakaa. Nilikuwa nikifikiria hilo wakati bosi alikuwa anakata kadi za mwaliko wa harusi, zile zenye ukingo wa dhahabu, na vipande vya pembeni vikaanguka chini vinang'aa. Hakuniangalia. Akasema tu, "Unataka upana gani?"

"Milimita tatu, mzee."

"Tatu? Hiyo si kazi ya watu wenye akili," akasema, akainamia mashine yake. Kesho yake, na kesho kutwa, nikifika nilikuta kifungu cha tepe mezani kwangu, zimefungwa kwa raba, zote sawasawa kabisa. Nilizibeba nyumbani jioni.

Nilimaliza Alhamisi. Kadi ya manila niliyoichovya kwenye chai ili ifanane na uzee, mwanakondoo niliyemnakili, na maua yamesimama. Shosho alifumba macho, akapitisha kidole.

"Haya yamesimama," akasema, na kwa mara ya kwanza niliona meno yake. Kisha akasema, "Jumamosi utanisindikiza. Akiuliza jambo la kazi, mimi sitajua kujibu." Bosi alinipa siku hiyo. Alisema duka litapumua.

Longonot kulikuwa na upepo kama kawaida yake, ule wa kukujaza vumbi mdomoni ukisalimia watu. Mke wa mwana wa dada alitupokea, akatuletea chai. Dada alikuwa amekaa uani kwenye jua, kitambaa kichwani, aproni safi. Alikuwa mkubwa wa mwili kuliko shosho, na mikono mikubwa. Mapajani alikuwa na kalenda ya zamani, amerarua miezi yote hadi vipande vyake vimejaa kwenye aproni.

"Tunamwachia hiyo," mke wa mwanawe akaniambia polepole. "Akinyimwa analia."

Shosho akamsalimia kwa Kikuyu, ambacho mimi nakisikia kwa kuzaliwa Nakuru. Dada akainua uso.

"Maziwa weka hapo kivulini," akamjibu kwa Kikuyu hicho hicho.

Shosho akasema sawa. Akakaa kwenye kigoda kando yake, akafungua kitambaa, akamwekea kadi mapajani juu ya vipande vya kalenda. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo. Mimi nilibaki nimesimama, sijui niweke wapi kikombe.

Dada aliiangalia kadi. Kisha akaweka ukucha chini ya ua moja la pembeni, akalibandua. Tak.

Mke wa mwanawe akaruka. "Wacha niichukue kabla hajaimaliza."

"Muache," shosho akasema. Tak, akabandua la pili. Nilihisi kila moja kifuani. Kisha akalivuta ua lile mkia, likafunguka, likawa utepe tena, na mimi nikageuza uso nisione.

Aliposema kitu niligeuka, kwa sababu hakusema kwa Kikuyu. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha polepole cha mtoto aliyekifundishwa darasani.

"Nani amefanya hii? Imelegea."

Shosho akaninyooshea kidole.

"Ni mimi, shosho," nikasema.

"Mvivu," dada akasema. Akalowesha ncha ya utepe kwa ulimi, akaiweka katikati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kuviringa. Bila unyoya, bila kijiti. Vidole vyake vikubwa vilizunguka taratibu, na konokono aliyetoka alikuwa amebana, mdogo, mzuri mno. Akambana kwa ukucha upande mmoja, akawa tone. Akanyoosha mkono kwangu bila kuniangalia, kama anayedai kitu kinachojulikana. Nikatoa kichupa cha gundi mfukoni haraka, karibu nikiangushe.

Alirudisha maua yote mawili mahali pake. Halafu akamgeukia shosho, akanyoosha mgongo kama mwanafunzi, akamshikisha kadi.

"Sista," akasema kwa Kiswahili kile kile, "nimemaliza. Hii ni ya mdogo wangu. Usimpe mwingine."

Upepo ulipita ukachukua vipande vya kalenda. Hakuna aliyeviokota. Shosho alishika kadi kwa mikono miwili, akajibu, naye kwa Kiswahili.

"Sitampa mwingine."

"Ni mtundu, lakini anajua sala zote."

"Anazijua," shosho akasema. "Nimemsikia."

Dada akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaniangalia mimi, na macho yalikuwa makali, ya mtu mwenye kazi.

"Wewe mgeni, unasimama nini? Kata karatasi. Wasichana ni kumi na wawili, na misa ni kesho."

Nikaangalia shosho. Akanifanyia ishara ya kidevu, kaa. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikatoa kifungu cha tepe za bosi kwenye mfuko, na mke wa mwanawe akaleta ubao wa kukatia mboga ndio uwe meza. Mchana wote tuliviringa. Aligonga vidole vyangu mara tatu. Alinionyesha kulowesha utepe, kuanza kwa kubana, kutouachia hadi gundi ishike. Shosho alikaa akitazama, na kila dada alipomwita sista, aliitika. Tulimaliza kadi moja bila mwanakondoo, maua peke yake. Halafu mikono ya dada ikapungua mwendo, ikasimama, na akalala pale pale kwenye jua na utepe katikati ya vidole.

Tulipoaga alikuwa bado amelala. Shosho alimfunika miguu kwa leso aliyokuwa amejifunga.

Tukiwa tunangoja gari kwenye barabara, aliinua kadi yake mbele ya uso kwa muda.

"Ameniona nikiwa na miaka minane," akasema. "Sijui kama nitamwona tena akiwa na akili ya namna hiyo."

"Hakukujua, shosho," nikasema, kisha nikajuta.

"Si amekataa mwingine asipewe kadi yangu?" Alinigonga kwa kiwiko, karibu anicheke. "Wewe ni mvivu kweli."

Kesho yake, baada ya kanisa, mama alienda kwenye mkutano wa kina mama, na nyumba ikabaki yangu. Nje watu walikuwa wanaanika nguo wakisikiliza redio. Nilipangusa meza, nikatandika gazeti. Nikakata kipande cha manila, nikakizungusha pembe kwa mkasi. Kisha nikachukua utepe, nikalowesha ncha yake kwa ulimi, nikaibana katikati ya kidole gumba na cha shahada, nikaanza kadi ya tatu kati ya zile kumi na mbili za wasichana.